Kitufe cha Hapana

Watu wa mtaa huu wakisema nina mdomo, hawanisingizii. Ninao, na ninautumia. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi, chumba kimoja chembamba kilichobanwa kati ya saluni na duka la viatu. Mtu akiingia na karatasi iliyolowa jasho, imekunjwa mpaka maandishi yamepotea, halafu akataka nimtolee kopi "safi", namwambia ukweli wake kabla sijaipokea. Wengine hununa. Lakini hurudi, kwa sababu printa yangu haili karatasi na kompyuta yangu haigandi.

Zamani ilikuwa inaganda. Nilikuwa na mfumo wa kompyuta wa watu wote, ule unaokuja na mashine. Asubuhi nawasha, nafagia duka, napanga kalamu kwenye kabati la kioo, natoka kununua chai, narudi, bado inazunguka tu. Mteja amekaa kwenye benchi anatikisa mguu. Ikishaamka inaniambia inataka kujisasisha, eti nisiiguse. Niligombana nayo mpaka dada wa saluni akawa anachungulia akidhani nampiga mtu. Siku moja fundi wa printa, aliyekuja kubadilisha rola, alichoka kunisikiliza. Akatoa flashi mfukoni, akasema upo mfumo mwingine, mdogo, wanaoutumia ni wachache, lakini mashine yangu kuukuu itaupenda. Unaitwa Konokono.

Nikamuuliza, fundi, mimi nalia na uchelewaji, wewe unaniletea konokono? Akacheka, akauweka. Nilibonyeza kuwasha, nikageuka kuvuta kiti, na kabla sijakaa ilikuwa imeshaamka, inaningoja mimi. Kwenye kona kulikuwa na kikonokono cha kijani, na maneno yote yalikuwa ya Kiswahili. Fundi alifunga begi lake akaondoka bila hata kuaga vizuri, maana nilikuwa sisikii tena.

Tangu siku hiyo kazi zangu zote nazifanya humo: barua za kuomba kazi, ratiba za harusi, tangazo la mbuzi aliyepotea, picha za pasipoti. Kuna vitu Konokono haina, sikatai. Michezo haina. Mteja akileta mafaili ya ajabu ajabu inabidi niyabembeleze yafunguke. Marafiki zangu wananiita Mama Konokono, na mmoja aliniuliza kama siku hizi nachapa kwa mate. Nawaacha wacheke. Mashine yangu huwa hata siizimi; hata toleo jipya naliweka ikiwa inawaka. Jioni nafunga kifuniko, asubuhi nafungua, kazi ipo palepale nilipoiacha. Hilo la kutozima likumbuke, maana nusura liniponze.

Kilichonikera kilikuwa kile Kiswahili chenyewe. Kilikuwa cha kwenye mimbari. Siku moja nilikuwa namchapia mama mmoja barua, mara likajitokeza sanduku: "Hitilafu mbaya imetokea. Mchakato umesitishwa." Yule mama akashika mkoba wake, akasogea mlangoni. Nilikasirika sana. Sasa, Konokono inatengenezwa na watu wachache waliotawanyika duniani, kila mmoja na kibarua chake cha mchana, na raha ya mfumo mdogo ni kwamba ukiwa na lalamiko huzungushwi. Upo ukurasa, unaandika, na anayesoma ni yuleyule aliyekukera. Nikaandika kwamba hayo maneno yanafukuza wateja, na kwamba binadamu akishindwa husema samahani. Penye jina nikaweka Mlalamikaji.

Jibu lilikuja kesho yake, kutoka kwa mtu anayejiita Mpimaji. Ndiye aliyeutafsiri mfumo mzima, peke yake. Alinishukuru kwa adabu, kisha akasema kompyuta haiombi samahani. Nikamjibu kwamba ndiyo maana hazina marafiki. Toleo jipya lilipotoka nikalipakua, na faili lilipogoma tena, sanduku likasema: "Samahani, nimeshindwa. Tujaribu tena?" Nilicheka peke yangu dukani, nikamwita dada wa saluni aje ayaone maneno yangu ndani ya mashine.

Basi nikanogewa. Pale ilipokuwa ikiniuliza kama nina uhakika ninataka kufuta, nililalamika kwamba mtu mzima haulizwi kama yuko kizimbani, Mpimaji akaweka "Nifute kweli?" Pale ilipokuwa ikisema "Tafadhali subiri, mchakato unaendelea", nilimwandikia kwamba hakuna mtu anayesema hivyo. Mtu ukimwita naye ana shughuli, husema nakuja, hata kama leo haji. Hilo alilibishia sana, akasema litawapotosha watu. Nikamwambia watu wameshazoea. Mwisho akaliweka. Printa inapovuta pumzi, kompyuta yangu inasema "Nakuja", na wateja wanacheka na kungoja bila kununa.

Kutoka malalamiko tukaingia kwenye simu. Kumbe ni mpima ardhi kweli, anaishi mji mwingine, anashinda juani na vyombo vyake, jioni anachora ramani kwenye Konokono. Maandishi yake ni ya mtu msemaji, lakini kwenye simu maneno humwisha. Nilikuwa naongea mimi. Yeye anasikiliza, na mara mojamoja anacheka kwa chini, na mimi nikishasikia kile kicheko nazidisha. Siku moja akaja dukani. Alisema ameniletea toleo jipya kwenye flashi, toleo ambalo lingekuja lenyewe kwa mtandao, na safari ni ya kushinda kutwa nzima ndani ya basi. Viatu vimejaa vumbi jekundu, begani begi la turubai. Akakaa kwenye benchi la wateja, akachukua mkasi, akanisaidia kukata picha za pasipoti mpaka jua likaanza kushuka, kila picha imenyooka utadhani kiwanja kilichopimwa.

Alinitazama mara kadhaa kama mtu mwenye neno, na neno halikutoka. Alichosema ni kwamba, kwa anavyojua yeye, wanaotumia Konokono kwa Kiswahili duniani kote ni watu wawili, yeye na mimi. Nikasema kumbe mfumo mzima huu ni wetu. Akakubali, akaangalia viatu vyake, akaenda kuwahi basi.

Nilimpenda. Nasema wazi, sina wa kumficha. Nilimpenda tangu pale kwenye mkasi, na usiku ule kila nilichokula sikukijua ladha.

Kitu nilichosahau kumwambia, kwa kuwa nilikuwa nikiongea mambo mengine yote, ni habari ya Shangazi. Shangazi ndiye aliyenilea, na ni mkuu wa chuo cha ushonaji upande wa pili wa soko. Chuo kiliwahi kupewa kompyuta kuukuu, zikawa zimekaa kwenye chumba cha vyerehani zimefunikwa vitambaa, hakuna anayezigusa. Mimi nikaziwekea Konokono zote, na sasa wanafunzi, wengi wao wanawake wazima wenye familia, wanachora humo patani, ile michoro ya kukatia magauni. Chuo hakina mtandao. Kila toleo jipya nalibeba mimi kwenye flashi, naweka mashine moja baada ya nyingine. Na Shangazi ni mkali wa umeme: jioni kila mashine izimwe, na anapita mwenyewe kuhakikisha.

Basi siku ikafika, Mpimaji akanipigia. Akasema toleo jipya limetoka, niliweke, halafu nimwambie. Nikamuuliza nimwambie nini, akasema nitaona mwenyewe. Sauti ilikuwa inatetemeka, nikadhani ni mtandao. Nikaliweka. Nikachapa, nikafuta, nikatoa kopi, nikapekua kila kona nikitafuta neno la kulalamikia. Sikupata. Nikamwandikia kwenye ukurasa wetu: "Nimeliangalia lote. Sijaona jipya. Tuendelee kama kawaida." Nikaweka flashi mfukoni, nikavuka soko, nikaziwekea na mashine za Shangazi, nikarudi zangu dukani nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi zake.

Mpimaji akanyamaza. Nikipiga simu, hapatikani. Nikipiga tena, anapokea, anasema yuko porini anapima, sauti kavu, anakata. Nikaanza kutunga malalamiko ya uongo ili nijibiwe. Nikalalamikia hata kile kikonokono, eti kinaangalia upande mbaya. Kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ukaja asubuhi moja, kwenye ukurasa wa Konokono, mbele ya watu wote. Mpimaji aliandika kwamba amepata kazi ya kupima ardhi nchi ya mbali, mkataba wa miaka kadhaa, na mwisho wa wiki hiyo atasaini. Hatakuwa na nafasi tena. Tafsiri ya Kiswahili anayeitaka aichukue.

Anayeitaka aichukue, utafikiri kiti kibovu kilichotolewa nje. Nilisoma nikiwa nimesimama, mteja ameshika hela mkononi ananingoja. Nilimjibu vibaya yule mteja na hakuwa na kosa. Halafu nikaingia nyuma ya pazia la kupigia picha, nikalia. Hasira ilikuwa nusu, na nusu nyingine ilikuwa uchungu mtupu. Dada wa saluni aliposikia akaja kuniuliza, nikasema ni unga wa wino umeniingia machoni. Akanitazama, akaniletea maji, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Nilikuwa bado na macho mekundu Shangazi alipoingia. Shangazi huwa haji dukani; ukitakiwa, unaitwa. Alikuja na utepe wake wa kupimia shingoni, hakuangalia kushoto wala kulia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hebu niambie, Mlalamikaji ni nani?"

Nilikaa. Nikamuuliza jina hilo amelitoa wapi. Akasema amelitoa kwenye mashine zake mwenyewe. Tangu nilete ile flashi, ukitaka kuzima kompyuta, haizimi mpaka ikuulize upuuzi. Wanafunzi jioni hawafungi tena vyerehani, wanakimbilia kompyuta kucheka. Mmoja alifuatwa na mumewe, mume akasoma juu ya bega lake, na ilibidi Shangazi mwenyewe atoke nje kumweleza bwana yule kwamba chuo hiki ni cha heshima.

"Inauliza nini?" nikauliza.

Shangazi alisema kwa kichwa, kama mtu aliyeyasoma maneno hayo kila jioni. "'Mlalamikaji, kabla hujazima, utakubali nikuoe?' Chini kuna Ndiyo, kuna Hapana. Ukibonyeza Hapana haizimi, na umeme unaliwa. Sasa tufanye nini? Darasa zima limekubali. Mimi mwenyewe nakubali kila siku jioni, na bwana mwenyewe simjui."

Kila kitu kikanijia kwa pamoja: ile sauti iliyotetemeka, lile nitaona mwenyewe, na jibu langu, mimi niliyejidai kwamba nimeliangalia lote. Sijaona jipya. Tuendelee kama kawaida. Mtu amekuposa, unamjibu hivyo. Aliyebeba posa yangu mfukoni, akavuka nayo soko, akaigawa kwa wake za watu, alikuwa ni mimi. Na sikuiona kwa sababu moja tu: mashine yangu siizimi.

Niliivuta karibu, nikabonyeza pa kuzima. Sanduku likatokea katikati ya kioo, maneno yaleyale, vitufe vyake viwili. Nikasoma. Nikasoma tena. Shangazi alikuwa amevaa miwani nyuma yangu.

"Mlalamikaji ni mimi, Shangazi."

"Kumbe." Alivuta benchi, akakaa. Kisha akaanza kuniuliza kama anavyowauliza wanaokuja kuomba nafasi chuoni. Bwana huyu ana kazi? Anapima ardhi. Anakunywa? Chai. Mbona hakuja kwa wakubwa, kama watu? Nikasema ana aibu.

"Ana aibu," Shangazi alirudia, "akaona atangaze kwenye chuo kizima."

Nikamweleza kwamba hajui kama chuo kipo. Anajua watumiaji ni wawili. Hapo Shangazi akacheka, na Shangazi si mtu wa kucheka. Alicheka mpaka ule utepe ukamdondoka shingoni. Na mimi machozi yakanitoka upya, safari hii ya namna nyingine, nikanyoosha kidole nibonyeze Ndiyo.

Shangazi akanidaka mkono. "Ukibonyeza si itazima? Yeye atajuaje?"

Kweli. Konokono ingezima tu, na Mpimaji angesaini mkataba wake akaenda zake. Nikapiga simu: haipatikani. Nikapiga tena: haipatikani. Yuko porini, na mwisho wa wiki ulikuwa ndio huo umefika. Nikafungua ukurasa wetu wa malalamiko, mahali pekee ambapo nilijua atachungulia hata kama amekasirika, kwa sababu kazi yake huwa haiachi bila kuikabidhi. Mikono ikakaa juu ya vitufe, na mimi, mwenye mdomo, nikakosa la kusema. Kila nililolifikiria lilikuwa refu. Shangazi akaniambia niandike nilivyozoea kumwandikia.

Nikaandika: "Lalamiko. Kwenye ujumbe wa kuzima mmeweka kitufe cha Hapana. Hakina kazi. Kiondolewe. Samahani kwa kuchelewa, mimi kompyuta huwa siizimi. Mlalamikaji."

Nikatuma. Shangazi akagoma kuondoka. Wateja wakawa wanaingia, anawaambia wakae, mwenye duka ana jambo. Nilimtolea mtu kopi ya upande usio na maandishi, akaipokea bila kusema neno, naona aliogopa ule utepe. Dada wa saluni akaja na kitana mkononi, akaambiwa kila kitu na Shangazi, akakaa naye. Kila baada ya muda nauangalia ukurasa. Hakuna. Kivuli cha mlango kikawa kimefika kwenye kabati la kioo, nikaanza kujiambia kwamba ameshasaini.

Halafu jibu likaingia. Neno moja.

"Nakuja."

Dada wa saluni alipiga vigelegele mpaka wateja wake wakatoka na vichwa vimejaa povu. Shangazi peke yake alikunja uso. Aliuliza kama hiyo ni nakuja ya kweli au ni ile nakuja ya watu. Neno lile nililidai mimi mwenyewe na maana yake naijua. Nililala na wasiwasi huo.

Kesho yake jioni, basi la mwisho lilikuwa limeshapita, nimeanza kufunga kabati, nikaona viatu vyenye vumbi jekundu kwenye kizingiti. Begi la turubai, na uso wa mtu ambaye hakulala. Alisema alilipata lalamiko langu akiwa juu ya kilima, alikopanda kutafuta mtandao ili atume jibu la mkataba. Jibu lile akalifuta bila kulituma. Nikamuuliza, na ile kazi? Akasema ardhi ipo kila mahali. Kisha maneno yakamwisha, kama kawaida yake, na mimi pia yakaniisha, tukabaki tumesimama tunachekeana kama wajinga mpaka dada wa saluni akaja kutuwashia taa.

Aliporudi na wakubwa wake kwa Shangazi, alipokewa na darasa zima. Wanafunzi walimwambia wao walikwisha kukubali siku nyingi, sasa awaambie harusi zote hizo atazifanya lini. Maskini, alitamani ardhi impasukie. Shangazi akamwonea huruma, akamwonyesha kiti.

Jambo moja tu lilileta kelele. Mpimaji ni mtu wa kutimiza maombi kama yalivyoandikwa, na kwenye toleo lililofuata alikiondoa kile kitufe kweli, kwa Kiswahili chote. Nikalibeba kwenye flashi, nikavuka soko, nikaziwekea mashine za chuo. Wiki ile mwanafunzi aliyegusa pa kuzima kwa bahati mbaya, patani iko nusu, hakuwa na pa kukimbilia. Ndiyo peke yake ilikuwa inamwangalia. Shangazi akaja juu, akanilazimisha nimchapie lalamiko lake mwenyewe, akasaini Mlalamikaji wa Pili. Mpimaji akaomba radhi, akakirudisha kitufe kwa watu wote.

Kwenye mashine yangu hakukirudisha. Kipo Ndiyo tu, na sijalalamika.